Mwili Hauweki Akiba ya Jasho

Somo hili linahusu mazoezi ya mwili. Lisome polepole. Ukichoka, weka alama ulipofika, simama, nyoosha mgongo, kisha endelea. Kusimama huko nako ni sehemu ya somo.

"Mimi mkulima, mazoezi ya nini?"

Ndugu msomaji, ukitaja neno mazoezi katika darasa la kisomo hapa Kwashemshi, watu hucheka. Mmoja atasema, "Mwalimu, mimi nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Nimelima mpaka jua la utosi. Sasa unataka nikimbie tena jioni?" Mwingine atasema kwamba mazoezi ni mambo ya askari, ya watoto wa shule, na ya watu wa mjini wenye vitambi.

Watu hawa wana haki ya kucheka. Kulima ni mazoezi. Kupasua kuni ni mazoezi. Kukata mkonge tangu alfajiri ni mazoezi mazito kuliko yale ya watu wa mjini wanaolipa fedha ili wakaruke ndani ya chumba. Mtu anayepanda kwa miguu kutoka huku chini kwenda Dindira, na mzigo kichwani, hana haja ya kufundishwa kutoka jasho.

Lakini hebu tujiulize maswali matatu. Je, kazi hiyo unaifanya mwaka mzima? Je, kila mtu nyumbani kwako anaifanya? Na yule aliyeifanya miaka 30 kisha akaacha, je, faida yake bado imo mwilini mwake?

Nitakueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, ingawa linanitia aibu kidogo. Kazi yangu ni kuyatembelea madarasa ya watu wazima. Mwanzoni nilikwenda kwa baiskeli. Baadaye nikapata pikipiki, nikafurahi sana. Baada ya miaka miwili suruali zangu zilikataa kufunga. Siku moja pikipiki iliharibika chini ya kilima, nikapanda kwa miguu. Nilisimama mara tatu njiani. Mara ya tatu mama mmoja wa darasa langu, mwenye wajukuu, alinipita akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Nilitaka kumwamkia shikamoo, pumzi ikakataa. Akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekaa tu. Mimi nilikuwa na miaka 34. Yeye alikuwa amepita 60.

Moyo ni pampu

Kunja ngumi yako. Moyo wako una ukubwa kama huo. Moyo ni msuli, kama msuli wa mkono au wa paja. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwili mzima. Damu hupeleka chakula na hewa safi kila mahali, kisha hurudi na uchafu.

Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Tulia. Utasikia kitu kinagonga. Hayo ndiyo mapigo ya moyo. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika moja.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme moyo wako hupiga mara 70 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 60, utapata 4,200 kwa saa. Zidisha kwa saa 24. Jibu ni 100,800. Mara laki moja na zaidi kwa siku moja! Hakuna jembe linalopigwa mara nyingi hivyo.

Mtu anayeuzoeza mwili wake, moyo wake hupata nguvu. Pigo moja husukuma damu nyingi zaidi. Kwa hiyo anapotulia, moyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Ukishuka kutoka 70 hadi 60 kwa dakika, kwa siku utapiga mara 86,400. Moyo huo umepunguziwa mapigo 14,400, kila siku, usiku na mchana.

Faida haziishii kwenye moyo. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu na kuitumia, kama jiko linavyokula kuni. Kwa kawaida mwili huhitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, ili sukari iingie katika misuli. Lakini msuli unaofanya kazi hujifungulia mlango wenyewe, hata kama insulini ni kidogo. Ndiyo maana mganga humwambia mgonjwa wa sukari atembee kila siku. Mifupa nayo huwa migumu inapobebeshwa uzito wa mwili. Tumbo hufanya kazi vizuri. Usingizi huja mapema. Hata moyo wenye majonzi hupata nafuu kidogo. Mtu aliyefiwa akitoka nje akatembea na mwenzake, hurudi ameweza kunywa uji.

Wiki tatu kitandani

Sasa tufike kwenye lile swali la tatu. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi akaacha, faida yake inakaa muda gani?

Mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, waganga walichukua vijana watano wenye miaka kama 20. Walikuwa wazima, hawana ugonjwa wowote. Waliambiwa walale kitandani wiki tatu. Wasitembee, wasisimame. Kabla ya kulala walipimwa nguvu za moyo na mapafu. Baada ya wiki tatu walipimwa tena. Nguvu zile zilikuwa zimepungua sana, zaidi ya robo.

Jambo la ajabu ni hili. Baada ya miaka 30, mwaka 1996, watu wale wale watano walitafutwa, wakapimwa tena. Sasa walikuwa na miaka 50, na wengine wamenenepa. Hata hivyo, hakuna hata mmoja aliyekuwa dhaifu kama alivyokuwa siku ile alipotoka kitandani akiwa kijana. Wiki tatu za kulala zilikuwa zimewadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakaanza kufanya mazoezi, polepole, kwa miezi sita. Nguvu za moyo na mapafu walizokuwa wamezipoteza kwa miaka 30 zilirudi.

Fikiri juu ya jambo hili. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukala mwakani. Fedha unaweza kuziweka benki. Jasho huwezi kuliweka. Jasho ulilotoa mwaka jana mwili umekwisha kulitumia. Mwili huangalia unafanya nini wiki hii.

Mfano mwingine umetoka hapa kwetu Tanzania. Watafiti waliwapima watu waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya Mkoa wa Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajahama, wakawafuata mjini wakawapima tena baada ya mwaka mmoja. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2010. Kijijini, karibu wanaume 8 katika kila 10 walikuwa wakifanya kazi za nguvu. Mjini, baada ya mwaka, walibaki kama 3. Na uzito wao, wanaume na wanawake, ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Hawa walikuwa wakulima kama wewe. Mwaka mmoja tu ulitosha kuubadilisha mwili.

Waingereza nao waligundua jambo kama hili katika mabasi yao ya ghorofa. Katika basi la ghorofa mjini London, dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Walifanya kazi katika basi moja na katika mji mmoja. Mwaka 1953 daktari aliyeitwa Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Kondakta alipougua, mara nyingi ugonjwa wake haukuwa mkali kama wa dereva.

Nani anakaa kijijini?

Utasema, "Hayo ni ya London na Dar es Salaam. Huku kwetu hakuna anayekaa." Je, ni kweli? Tuzunguke kijijini kwa macho.

Yuko fundi cherehani. Anakaa tangu asubuhi hadi jioni. Miguu inakanyaga, lakini kiuno hakisogei. Yuko mwenye duka. Yuko mlinzi wa usiku. Yuko kijana wa bodaboda, ambaye huketi juu ya pikipiki, na asipopata abiria huketi kivulini akisubiri. Yuko abiria wake, ambaye zamani alikwenda gulioni kwa miguu saa nzima, na sasa anafika kwa dakika kumi. Tuko na sisi walimu.

Sisemi bodaboda ni mbaya. Mama mjamzito anayefikishwa zahanati usiku anajua thamani yake. Wala sisemi tuache mashine ya kusaga turudi kwenye kinu. Akina mama wametwanga vya kutosha. Nasema hivi: kila chombo kinachotupunguzia kazi kimechukua pia mazoezi tuliyokuwa tukiyapata bila kujua. Inafaa tujue kimechukua kiasi gani, ili tukirudishe kwa njia nyingine.

Hata mkulima mwenyewe ana miezi yake ya kukaa. Wakati wa masika analima na kupalilia, wakati wa mavuno anabeba. Baada ya hapo kuna wiki nyingi ambazo jembe limeegemea ukuta. Bao huchezwa tangu saa nane mchana hadi mwanga wa mwisho. Bao ni mchezo mzuri wa akili, lakini kinachotembea ni kete tu.

Heshima inayodhoofisha

Kuna watu wengine wanaokaa, na hao nataka tuwazungumze kwa kirefu. Ni wazazi wetu.

Kwa desturi yetu, mzazi akizeeka watoto humwambia, "Mama, sasa pumzika. Umefanya kazi vya kutosha." Maneno haya ni ya upendo. Mama anawekewa mkeka kibarazani. Wajukuu wanamletea maji ya kunawa. Chakula kinamfuata alipo. Akitaka kuinuka kuchuma mboga, mkwe anamwambia, "Kaa mama, nitachuma mimi." Majirani wanaipita nyumba ile na kusema, "Bibi huyu ana watoto wanaomjali."

Tazama baada ya miezi sita. Anapotaka kuinuka anatafuta ukuta wa kushika. Baada ya mwaka anaomba mkono. Kisha siku moja usiku anakwenda chooni peke yake kwa kuwa hataki kumwamsha mtu. Anajikwaa. Mguu hauna nguvu ya kumzuia. Anaanguka, nyonga inavunjika. Mzee aliyevunjika nyonga hulala sana, na sasa unajua wiki tatu za kulala zilivyowafanya vijana wa miaka 20.

Watu husema, "Ni uzee." Uzee umo, ndiyo. Lakini si uzee peke yake. Sehemu kubwa ni ule mkeka.

Basi tufanye nini? Tumnyang'anye bibi mkeka tumpe jembe? Hapana. Tumwachie kazi ndogo anazozipenda. Achume mchicha mwenyewe. Awape kuku pumba. Achambue maharage akiwa amekaa, sawa, lakini aende mwenyewe kuyafuata. Jioni mjukuu amwambie, "Bibi, nisindikize mpaka kwa shangazi," watembee pamoja, mdogo akiufuata mwendo wa mkubwa. Bibi atajua kwamba anahitajika.

Na wewe babu au bibi unayesoma ukurasa huu, jaribu zoezi hili. Kaa juu ya kiti kigumu kilichoegemea ukuta ili kisiteleze. Mtu awe karibu nawe. Kunja mikono kifuani. Inuka, kaa, inuka, kaa. Fanya mara tano kwanza. Ukishindwa bila mikono, shika kiti, usione haya. Wiki ijayo ongeza mara mbili. Zoezi hili huyapa mapaja nguvu, na mapaja ndiyo yanayomwinua mtu. Zoezi la pili ni kusimama karibu na ukuta, ukiugusa kwa kidole, na kuinua mguu mmoja. Hesabu hadi 10. Badilisha mguu. Hili hufundisha mwili usiyumbe.

Presha haina kelele

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Maradhi yaliyopigwa vita wakati ule yaliingia kwa maji machafu, kwa chakula na kwa mbu. Maradhi hayo bado tunayo. Lakini yamekuja mengine ambayo hayaletwi na mbu wala na maji. Yanajijenga ndani yetu polepole.

Moja ni shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha. Damu husukumwa ndani ya mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Mishipa huumia, moyo huchoka, figo huharibika. Siku moja mshipa wa kichwani huziba au hupasuka. Mtu huanguka, mdomo hupinda, upande mmoja hufa ganzi. Hicho ni kiharusi. Watu wengi bado husema amerogwa au amepigwa na pepo. Saa za kwanza zenye thamani kubwa zinapotea kwa kutafuta mganga wa kupunga. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Usidhani presha ni ya mjini tu. Katika miaka ya 1990 watu wazima walipimwa Dar es Salaam na katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Huko Hai ni kwa wakulima wa kahawa na migomba. Mijini na vijijini matokeo yalilingana: karibu watu 3 katika kila 10 walikuwa na presha. Wengi wao hawakujua.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, jembe peke yake halitoshi kumkinga mtu. Chumvi nyingi, tumbaku, pombe na unene huleta presha hata kwa mkulima. Pili, presha haina kelele. Haiumi. Huwezi kuijua bila kupima.

Wewe sasa unajua kusoma namba. Nenda zahanati ukapimwe, kisha soma kadi yako mwenyewe. Utaona namba mbili, moja juu na moja chini. Ikiwa imeandikwa 120 juu na 80 chini, ni vizuri. Ikiwa ya juu imefika 140, au ya chini imefika 90, na ikarudi hivyo hivyo siku nyingine ukipimwa, hiyo ni presha. Muulize mganga wako bila woga. Zamani mtu alipewa kadi akaitia mfukoni kama karatasi ya sukari. Wewe huna sababu ya kufanya hivyo.

Mwenye presha akifanya mazoezi kila wiki bila kukatiza, namba ile ya juu huweza kushuka kama 5 hadi 8. Ni msaada mkubwa, lakini hauchukui nafasi ya dawa. Nakuomba usiache vidonge kwa sababu umeanza kutembea. Anayeweza kupunguza vidonge ni mganga aliyekupima.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri wake mwaka 2020. Mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Gawanya 150 kwa siku 5. Utapata dakika 30 kwa siku. Unaweza kuzigawa tena: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Ukishindwa kufikia kiasi hicho, kidogo ulichofanya nacho kina faida. Pia, siku mbili kwa wiki, fanya kazi ya kuipa misuli nguvu, kama kupasua kuni, kulima, kubeba, au kuchuchumaa na kuinuka.

Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa wastani? Huhitaji chombo. Ukitembea huku ukiweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba, mwendo huo unafaa. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, mwendo huo ni mkali. Kama ndiyo kwanza unaanza, punguza.

Hatukutaki ukimbie kama Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Tunataka utembee. Mwezi Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na miaka 45, na ni Rais wa nchi mwenye gari na dereva.

Ngoma nayo ni mazoezi. Anayecheza mdumange au selo sawasawa hawezi kuimba mpaka mwisho bila kuhema. Mpira, netiboli, baiskeli, kuogelea kwa anayejua, vyote vimo. Mwezi Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini kote. Siku hiyo ni ukumbusho mzuri. Lakini hesabu ya dakika 150 ni ya kila wiki.

Na akina mama? Nimeulizwa swali hili na mama mmoja kwa ukali, na alikuwa na haki. Alisema, "Mimi nachota maji, nalima, napika, nafua, nabeba mtoto. Unaniongezea kazi nyingine?" Hapana. Mama wa namna hiyo dakika zake zimezidi. Dawa yake ni kupumzika na kupata msaidizi. Baba anayecheza bao kibarazani akichukua ndoo mbili akaenda kisimani, atakuwa amepata mazoezi, na mkewe atakuwa amepata pumziko. Sijaona dawa nyingine inayotibu watu wawili kwa pamoja.

Mkata mkonge naye hahitaji kukimbia. Mwili wake unainama siku nzima, na mkono mmoja hufanya kazi kuliko mwenzake. Kila baada ya muda asimame wima, aweke viganja kiunoni, ajinyooshe nyuma polepole, azungushe mabega. Anywe maji kabla kiu haijamshika.

Mambo ya kuangalia

Anza kidogo. Aliyekaa mwaka mzima asianze kwa kupanda mlima. Dakika 10 kwa siku katika wiki ya kwanza zinatosha. Misuli ikiuma siku mbili baada ya kuanza, usiogope, ni ugeni tu. Lakini ukipata maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au pumzi ikikata ghafla, simama. Kaa chini. Nenda ukaonwe na mganga kabla hujaendelea.

Mwenye ugonjwa wa sukari avae viatu, kisha jioni aiangalie miguu yake juu na chini, maana kidonda kwake huweza kuanza bila maumivu. Kama anatumia sindano za insulini, awe na kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa mazoezi huishusha sukari. Mwenye homa apumzike. Mama mjamzito asiye na tatizo anaweza kutembea, na humfaa, ila amweleze mhudumu wa kliniki.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Katika kitongoji chenu, ni miezi gani watu hufanya kazi nyingi za mwili? Ni miezi gani hukaa?

2. Fundi cherehani anatembea dakika 15 asubuhi akienda kazini na dakika 15 jioni akirudi, siku 6 kwa wiki. Anapata dakika ngapi kwa wiki? Je, zinafika 150?

3. Kwa nini vijana wa Dallas walidhoofika ingawa hawakuugua?

4. Ukimwona mtu mdomo umepinda ghafla na mkono mmoja umekosa nguvu, utafanya nini kwanza?

5. Nyumbani kwenu yuko nani aliyeambiwa "kaa, pumzika"? Ni kazi gani ndogo anayoweza kurudishiwa? Mwulize yeye kwanza anaipenda ipi. Andika jibu lake katika daftari lako, ulete darasani.